Ndege ndani ya kijaluba: siku saba Uswisi

Baba yangu ni sonara. Siku hizi macho hayamsaidii, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa kwenye meza moja Mji Mkongwe, akipuliza moto kwa mrija wa shaba, mashavu yamemjaa kama mpiga zumari. Juu ya meza hiyo alibandika picha aliyoikata kwenye kalenda: kijaluba cha dhahabu na buluu, cha kuenea kiganjani, kifuniko cha duaradufu kimefunuka, na ndege asiyezidi kokwa ya tende amesimama mdomo wazi. Wateja wakiuliza, baba aliwaambia ndani mna mashine, na ndege huyo huinuka, hulia, kisha hurudi kulala. Wakiuliza analiaje, alinyamaza. Hakuwahi kumsikia.

Najua video zipo kwenye simu. Nilimwekea moja; ilikuwa na muziki juu yake na mtu akiongea bila kituo. Baba alisikiliza nusu akanirudishia simu. "Huyo anayelia ni yupi kati yao?"

Basi mwaka huu nilipopata mwaliko wa dada yangu (binti wa ami, anaishi Lausanne), nikaamua likizo yangu yote iende kwa ndege huyo. Nimerudi, nimepanga picha na vikaratasi vya risiti, na hii ndiyo safari yenyewe.

Siku ya 1, Alhamisi. Unguja – Addis Ababa

Hakuna la kusimulia isipokuwa fedha. Ada ya viza yuro 90, na makaratasi ya kutosha kufungia maandazi mwezi mzima. Mzigo wangu ulikuwa sweta mbili, kashata, pilipili ya kusaga ya dada, na daftari. Addis tulibadilisha ndege usiku wa manane, nikalala.

Kwa atakayefuata: faranga moja ya Uswisi mie niliihesabu shilingi 3,000 za Tanzania kwa wepesi wa kichwa. Baada ya siku mbili nikaacha kuhesabu, maana chai ilikuwa inanipitia kooni kwa uchungu.

Siku ya 2, Ijumaa. Geneva

Dada alinipokea kituoni na koti la kuazima. Tukaenda moja kwa moja Makumbusho ya Patek Philippe, kampuni ya saa, mtaa wa Vieux-Grenadiers, tukafika saa tatu na nusu asubuhi, tukakuta mlango umefungwa. Kosa langu: niliangalia saa za Jumamosi. Siku za wiki hufungua saa nane mchana, na Jumapili na Jumatatu hawafungui kabisa. Atakayekwenda asiige.

Tulikuwa na saa nne na nusu za kupoteza, na nashukuru sasa kwamba tulizipoteza. Tulivuka mto Rhône tukaenda mtaa wa Saint-Gervais. Zamani huko ndiko walikoishi mafundi wa saa na vito, na walifanyia kazi ghorofa za juu kabisa, chini ya paa, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mwanga. Chumba hicho cha juu kiliitwa cabinet, na fundi wake cabinotier. Baba wa mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, Isaac, alikuwa mmoja wa mafundi saa wa mji huu. Alikwenda hadi Istanbul kutengeneza saa za jumba la Sultani. Nilisimama nikayatazama madirisha ya juu mpaka shingo ikauma. Baba naye alikuwa hivyo: meza lazima ikae dirishani, na mtu akipita mbele ya mwanga wake anasikia.

Muuza chesnati za kuchoma alituona tunatetemeka akatusogeza karibu na jiko lake. Tulinunua pakiti moja ya faranga 6, akatuongezea konzi nzima. Chesnati ladha yake iko kati ya kiazi kitamu na fenesi la kuchemsha, ile mbegu yake. Maji hatukununua: mabomba ya mtaani yanamwaga maji safi ya kunywa bure, ila penye kibao cha kukataza. Chukua chupa yako.

Saa nane tukaingia. Kiingilio faranga 10, na mie sikupiga picha, kwa hiyo yote ya hapa ni ya daftari.

Vijaluba nilivyovifuata viko na saa na vitu vingine vya enameli vya karne ya 18 na 19. Mwanzo sikuweza kuwatazama ndege, kwa sababu enameli ilinishika. Ukitaka kuijua enameli, tazama bakuli la bati la nyumbani lenye maua. Lile gamba linalong'aa, ambalo bakuli likianguka hubanduka likaacha doa jeusi, ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Geneva walifanya jambo lile lile juu ya dhahabu. Kioo husagwa kikawa unga, kikachanganywa na madini ya kutia rangi (kobalti kwa buluu, hata dhahabu yenyewe kwa wekundu wa waridi), kikapakwa, kikaingizwa tanuri la joto la kama nyuzi 800. Halafu tena, na tena. Rangi hazivumilii moto sawa, kwa hiyo zenye kuhimili hutangulia. Upande wa nyuma nao hupakwa enameli isiyoonekana na mtu, ili dhahabu isipinde na kioo kisipasuke. Ua likikosea kwenye moto wa mwisho, kazi ya wiki nyingi imekwenda.

Kijaluba kimoja cha buluu kilinikalisha nusu saa. Chini ya buluu kulikuwa na mistari myembamba inayotawanyika kutoka katikati kama miale, imechongwa kwenye dhahabu kwa mashine ya kuzungusha, kisha ikafunikwa na enameli inayopenya mwanga. Nikisogea kushoto, miale inasogea. Nikisogea kulia, inarudi. Mlinzi alinitazama nikicheza kwaya peke yangu, akaenda kuniletea kigoda.

Asili yake ni vijaluba vya ugoro. Wakubwa wa Ulaya walinusa tumbaku, na kijaluba kilikuwa cha kuonyesha kuliko cha kutumia. Mafundi wakaona juu pana nafasi ya ndege, na ugoro ukasogezwa kando, mpaka mwisho hakukubaki ugoro. Siku hiyo wote walikuwa kimya nyuma ya kioo. Nilitoka nimeshiba macho, masikio na njaa yake.

Hoteli za Geneva humpa mgeni kadi ya kupanda basi na tramu bure, lakini sisi tulilala Lausanne, dakika 40 kwa treni. Dada alipika wali wa nazi ya kopo.

Siku ya 3, Jumamosi. Sainte-Croix

Lausanne hadi Yverdon kwa treni ya kawaida, kisha treni ndogo inayopanda milima ya Jura kwa dakika kama 35. Inajipinda ukingoni mwa bonde, na mie niliyezoea bahari ilibidi nitazame sakafu. Kule juu, zaidi ya mita 1,000, ukungu ulibaki chini yetu, na ng'ambo ikaonekana Alpi yote imepangwa, meupe mfululizo.

Sainte-Croix ni kijiji kilichoishi kwa visanduku vya muziki. Mwaka 1796 fundi wa Geneva, Antoine Favre, alibuni meno ya chuma yanayokwanyuliwa yakatoa nota, na ufundi huo ukaja kuota mizizi huku. Kampuni ya Reuge ilianza hapa mwaka 1865, na baadaye ikachukua kazi ya ndege wa Bontems, familia ya Paris iliyotengeneza ndege wa mashine katika karne ya 19.

Lakini sikuja kwa makampuni. Jirani ya dada ana mkwe ambaye alitengeneza ndege hawa maisha yake yote na sasa amestaafu. Hakutaka jina wala picha yake iandikwe, nami nimeahidi. Alitufungulia mlango na aproni, akatupa kahawa, akaniuliza kwa Kifaransa (dada anatafsiri) kama kweli baba yangu ni sonara. Nikamwambia ndiyo. Akainuka, akavuta droo, akatoa mrija wa shaba uliopinda ncha. Akauweka mdomoni, akajaza mashavu, akapuliza bila kukatika, anavuta kwa pua na kutoa kwa mdomo. Nikacheka mpaka machozi. Ni baba yule, ameungua jua kidogo tu.

Kisha akatoa kijaluba cha fedha iliyopakwa dhahabu, kifuniko cha enameli, kazi ya Karl Griesbaum wa Triberg, Ujerumani. "Hiki si cha wafalme," akasema, "lakini ukijua hiki umejua vyote."

Akasukuma kitufe cha pembeni kwa ukucha. Kifuniko kikafunuka kwa mshtuko, na ndege aliyekuwa amelala kifudifudi akasimama. Manyoya yake ni ya kweli, ya kijani na wekundu wa moto. Mafundi walitumia ya wale ndege wadogo wa Amerika wanaofanana na chozi wetu. Akageuka kushoto, akageuka kulia, mbawa zinapiga, mkia unatikisika, mdomo unafunguka na kufunga. Na akalia.

Nilitegemea sauti ya kisanduku cha muziki, ting ting. Siyo. Ni mluzi. Unateleza kupanda na kushuka bila ngazi, unakatika vipande vipande, unatetema, unapanda tena. Ni chiriku kabisa. Kama sekunde ishirini hivi, kisha akaanguka mahali pake na kifuniko kikajifunga, pa! Nikaruka.

"Tena," nikasema. Sikungoja tafsiri.

Alikigeuza, akafungua mgongo, akanipa lenzi ya jicho. Nitajaribu kueleza nilichokiona. Kuna springi ndani ya kopo, inayotiwa ufunguo kama saa. Inazungusha magurudumu ya meno, na magurudumu yanafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kupampu mvukuto mdogo, wa kuenea kwenye ukucha wa dole gumba, ambao unapeleka hewa kwenye filimbi. Filimbi ni moja tu! Ndani yake mna pistoni. Chukua chupa ya soda, puliza mdomoni mwake, kisha tia maji kidogo upulize tena: sauti inapanda. Pistoni inafanya kazi ya maji hayo, inaingia na kutoka, na sauti inateleza nayo.

Kazi ya pili ni visahani vya shaba vilivyopangwa pamoja kama sahani za chai kabatini. Kingo zake si za mviringo; zina mabonde na vilima. Juu ya kila kingo kinapita kidole cha chuma. Kimoja kinasukuma pistoni, kingine kinafungua na kufunga hewa ili mluzi ukatike, kingine mdomo, kingine mbawa. Wimbo wote umeandikwa kwenye kingo hizo, kwa tupa. Mzee alisema aliyechonga visahani lazima awe amekaa dirishani akasikiliza ndege halisi. Ukosee unene wa unywele, chiriku anakuwa kuku.

Filimbi hiyo ya pistoni husemwa ilitoka kwenye karakana ya Jaquet-Droz, familia ya mafundi saa wa Uswisi, katika miaka ya 1780. Kabla yake, ndege wa mashine walihitaji filimbi kadhaa, na mahali pake ni kwenye saa kubwa au tundu, si mfukoni. Na kabla ya hapo, Wafaransa walikuwa na serinette, kisanduku cha kinanda chenye kishikio cha kuzungusha, cha kumfundishia chiriku nyimbo za watu. Mashine ikamwimbia ndege ili ndege aige. Baadaye wakaona wamfanye ndege mwenyewe kuwa mashine, asile wala asichafue tundu.

Nikaomba kurekodi kwa simu. Akazima redio, akafunga dirisha, akamtoa paka. Tulirekodi mara tatu. Mara hizo ndipo nilipoanza kusikia kitu: anapopanda mara ya tatu, sauti inanywea kidogo, kama mtu aliyechoka kwenye ngazi. Mzee akatikisa kichwa kabla sijauliza. Ngozi ya mvukuto imechoka. Ina tundu usiloliona kwa jicho. Huwa ni ngozi nyembamba kupita kiasi, au utando wa utumbo wa ng'ombe, na kuibadilisha ni kazi ya siku nzima ya kushika pumzi. "Yangu," akasema, maana yake pumzi.

Alikataa fedha. Alikubali kashata.

Kwa atakayenunua au kurithi kimoja: usimsukume ndege kwa kidole arudi ndani, hata akikwama. Kaa mbali na kitufe, mpelekee fundi. Mzee alisema nusu ya kazi zake maishani zilisababishwa na kidole cha mgeni.

Siku ya 4, Jumapili. Neuchâtel

Tarehe nilizipanga kwa ajili ya siku hii. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, Makumbusho ya Sanaa na Historia ya Neuchâtel huwawasha wanasesere watatu wa Jaquet-Droz: saa nane, saa tisa na saa kumi. Nenda ile ya kwanza na ufike mapema. Watoto wanakaa mbele na wana haki zaidi yako.

Pierre Jaquet-Droz alizaliwa La Chaux-de-Fonds mwaka 1721. Mwaka 1758 alifunga safari ya kwenda Madrid na gari la saa za ajabu, akamuuzia Mfalme wa Hispania, akarudi na mtaji. Wanasesere hawa alionyesha mwaka 1774 akiwa na mwanawe Henri-Louis na Jean-Frédéric Leschot, aliyelelewa nyumbani humo. Mwandishi ni mtoto wa kiume mwenye kalamu ya unyoya wa bata bukini mkononi. Anachovya wino, anakung'uta mara mbili, anaandika, na macho yanafuata mkono. Ana vipande kama 6,000 na anaweza kupangwa aandike maneno mengine, mpaka herufi 40. Mchoraji anachora mbwa, kisha anapuliza vumbi la penseli. Mpiga kinanda anabonyeza vibao kwa vidole vyake mwenyewe.

Wote walimshangilia Mwandishi. Mie macho yangu yalikuwa kifuani mwa mpiga kinanda. Kabla hajaanza kupiga, na baada ya kumaliza, kifua kinapanda na kushuka. Hakuna sauti inayotegemea pumzi hiyo. Wimbo unatoka kwenye kinanda. Wamemtia pumzi kwa sababu tu bila pumzi asingekuwa mtu. Watu hao hao ndio waliokuja kutengeneza vijaluba.

Dada alinipungia mkono kituoni jioni, akarudi Lausanne, nami nikapanda treni ya La Chaux-de-Fonds peke yangu. Ni nusu saa tu. Huwezi kupotea, aliniambia.

Katikati, kituo kinaitwa Chambrelien, treni ikasimama. Kisha, mbele ya macho yangu, ikajiandaa kurudi ilikotoka. Nikashika begi nikaruka nje mlango unafungwa. Nikasimama gizani, baridi inanichoma, treni inaondoka kwa utulivu, inapanda mlima, inaelekea La Chaux-de-Fonds. Kumbe mlima ni mkali hivi kwamba treni huingia kituoni kichwa mbele na kutoka mkia mbele. Kila mtu Uswisi analijua hilo, isipokuwa mimi.

Mama mmoja alikuwa amekuja kumpokea mwanawe. Akaniona, akaelewa bila neno, akacheka kwa upole kisha akafungua mlango wa gari, akawasha hita. Walikaa nami mpaka treni iliyofuata, mama, kijana na mimi, tunakula mkate wao mtamu wa zabibu kavu unaoitwa taillaule. Kijana aliniuliza kwa Kiingereza kama Zanzibar kuna treni. Nikamwambia ilikuwapo zamani, ya kwenda Bububu, na haikuwahi kurudi nyuma.

Siku ya 5, Jumatatu. La Chaux-de-Fonds

Makumbusho yote yamefungwa. Nilitembea.

Mji uliungua mwaka 1794 ukajengwa upya kwa mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu: nyumba ndefu, mtaa, bustani, nyumba ndefu. Safu zimetazamishwa jua ili kila meza ya fundi ipate mwanga, na kwa hilo mji huu na Le Locle viliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2009. Tena habari ya madirisha. Le Corbusier, msanifu majengo, alizaliwa hapa mwaka 1887, na kazi aliyosomea kwanza ilikuwa kuchonga nakshi za makasha ya saa.

Chakula: supu ya mboga na mkate faranga 11, na hiyo ndiyo rahisi. Asiyekula nguruwe aulize, maana soseji ziko kila mahali. Asiyekunywa pombe naye aulize: fondue, ile jibini ya kuyeyusha, kwa kawaida hupikwa na mvinyo. Mie nilikula rösti, viazi vya kukaanga kama chapati nene, siku mbili mfululizo.

Ukilala kwenye hosteli au hoteli yoyote ya jimbo la Neuchâtel unapewa kadi ya mgeni. Inalipa basi, treni za ndani ya jimbo na kuingia makumbusho. Mie iliniokoa.

Siku ya 6, Jumanne. Le Locle

Dakika chache kwa treni, kisha basi mpaka Château des Monts, jumba la kilimani lenye makumbusho ya saa. Ndani mna mkusanyiko wa Maurice Sandoz, tajiri aliyependa vitu vinavyojiendesha kuliko watu, nadhani.

Hapa ndipo nililielewa jambo lililokuwa likinisumbua tangu Geneva. Juu ya kijaluba au kwenye maelezo yake unasoma Jaquet-Droz na Leschot. Lakini mashine zao nyingi zilitoka kwa wengine: Jacob Frisard, mtu wa kijiji cha Villeret, na ndugu wa Rochat, kutoka Le Brassus kwenye bonde la Joux, ambao baadaye walihamia Geneva. Rochat walikuwa mafundi hata wakatengeneza bastola ya dhahabu na lulu. Ukivuta kifyatulio, anatoka ndege mtutuni na kuimba. Alama yao, FR (Frères Rochat, yaani ndugu wa Rochat), unaikuta imegongwa ndani, kwenye bamba la mashine, mahali ambapo mwenye kijaluba hafungui. Kasha ni la mtu mwingine. Mchonga nakshi ni mwingine, aliyepaka enameli ni mwingine. Aliyebandika manyoya kwa koleo, unyoya baada ya unyoya, sikuona jina lake popote.

Bidhaa nyingi zilikwenda mbali. London kulikuwa na James Cox, aliyeuza vitu vya namna hii kwa soko la China, na katika bandari ya Canton viliitwa sing-song. Mfalme wa China akisikia ndege akilia hakujua Villeret iko wapi.

Nilikaa kwenye benchi nje nikamkumbuka baba. Kila bangili aliyoitengeneza iligongwa muhuri wa duka, na duka halikuwa lake. Mara moja tu, nikiwa na miaka kumi hivi, alinionyesha ndani ya bangili moja kidoa kidogo karibu na kifungo, kama kimekwaruzwa kwa bahati mbaya. "Hiyo mimi," akasema, akaifunga kwenye karatasi nyekundu na kumpa bwana wake.

Siku ya 7, Jumatano. Kurudi

Treni ilifika Chambrelien ikageuka. Nilibaki kitini kama mwenyeji.

Uwanja wa ndege wa Geneva nilinunua chokoleti kwa bei ya kukufuru. Ndege iliondoka usiku.

Unguja

Baba alikuwa kibarazani. Sikumsimulia chochote kwanza. Nilimkalisha, nikamfunga jirani wa redio mdomo kwa chokoleti, nikaweka simu sikioni mwa baba na kubonyeza.

Alisikiliza akiwa amefumba macho, kidole kinagonga goti. Aliposikia kifuniko kikijifunga hakushtuka. "Tena."

Nikaweka tena. Safari hii kidole hakikugonga. Ndege alipanda mara ya kwanza, akapanda mara ya pili. Alipopanda mara ya tatu baba akanishika mkono.

"Hapo. Pumzi inavuja."

Nikamwambia ni ngozi ya mvukuto, imechoka. Akakaa kimya kidogo, mashavu yanajaa na kushuka.

"Ngozi ya nini?" akauliza.